Kuhifadhi Nini, na kwa Amri ya Nani?

Upo ubishi mkubwa katika nchi za Ulaya na Marekani, na wengi wetu huku tunausikia kama ngoma inayochezwa kijiji cha pili: mdundo unafika, maneno hayafiki. Watu wanaoitwa wahafidhina, yaani wenye kushika ya kale, wanasema kwamba jamii ya Magharibi inaelekea kubomoka. Makanisa yao yamebaki na viti vitupu, ndoa zimepungua, watoto wanaozaliwa hawatoshi kujaza nafasi za wazee wanaokufa, vijana hawaijui historia ya mababu zao, na wakifundishwa hufundishwa kuionea haya. Dawa yake, wasema, ni kurudi: kurudi kwenye dini, kwenye familia, kwenye taifa, kwenye heshima ya wakubwa.

Je, maneno hayo yamhusu nini mkulima wa korosho wa Newala, au mfanyakazi wa Masasi? Twasema yamhusu sana. Kwanza, ubishi huo haukai kwao peke yao. Mwaka 2025 serikali ya Marekani iliyoingia madarakani kwa wito wa kutanguliza Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje na kulivunja shirika lake la USAID, na wagonjwa wa Afrika waliotegemea dawa za misaada hiyo wakawa mashakani bila kuulizwa neno. Pili, wahafidhina hao wanatutaja sisi katika hoja zao: leo kama hatari inayovuka bahari, kesho kama mfano mwema wa watu ambao hawajaharibika. Tatu, na hili ndilo kubwa, ubishi huo si mgeni kwetu. Watu wa pande zote mbili za mto Ruvuma wamekwisha kuhubiriwa, kutawaliwa na kupigwa mabomu na wahafidhina wa Magharibi wa kila namna. Tunayo haki ya kutoa ushahidi.

Tuwatendee haki kwanza, maana mtu hapingi hoja asiyoielewa. Baba wa fikra za kihafidhina katika siasa za Uingereza ni Edmund Burke, mzaliwa wa Dublin, aliyekuwa mbunge huko London. Mwaka 1790 aliandika kitabu cha kuyapinga mapinduzi ya Ufaransa. Kiini cha hoja yake ni kwamba jamii ni amana. Waliokufa waliijenga, walio hai wanaitunza, na wasiozaliwa bado wataidai. Kizazi kimoja hakina ruhusa ya kuivunja nyumba nzima kwa sababu tu kimesoma kitabu kipya kuhusu ujenzi. Mambo mengi yanayoonekana ya kipuuzi machoni pa mtu mwenye haraka yana maana iliyofichika, na mwenye kuyang'oa hugundua maana hiyo baada ya paa kumwangukia.

Ni nani katika Masasi asiyeielewa hoja hiyo? Wazee wetu waliisema kwa maneno machache: mwacha mila ni mtumwa. Tena Burke hakuwatetea wazungu wenzake tu. Alimshitaki mbele ya Bunge Warren Hastings, aliyekuwa mtawala mkuu wa Kampuni ya Waingereza huko Bengal, kwa dhuluma alizowafanyia watu wa India na kwa kuvuruga taratibu zao za zamani. Kesi hiyo ilianza mwaka 1788 na kwisha mwaka 1795, na Hastings akaachiliwa. Burke alishindwa, lakini alionyesha jambo moja ambalo wafuasi wake wengi walilisahau baadaye: ikiwa mila za mtu wa London zina heshima, basi mila za mtu wa Bengal zina heshima ile ile. Mhafidhina anayelinda urithi wake na kuuvunja wa jirani si mlinzi wa chochote ila mfuko wake.

Sasa tuje nyumbani tuone wahafidhina walivyofanya walipofika.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Chama cha Wamisionari wa Vyuo Vikuu, kilichojulikana kwa kifupi kama UMCA, alileta kutoka Unguja kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakakaa Masasi chini ya ile milima ya mawe. Mwaka 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara waliivamia Masasi, na Padre Chauncy Maples akahamia Newala, kwa mtawala wa Kiyao aliyeitwa Matola. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipofika pande hizi, misheni ya Masasi ilichomwa moto pamoja na ile ya Wabenediktini ya Lukuledi. Kila mara walirudi wakajenga upya.

Wamisionari hao wa UMCA walikuwa watu wa namna ya pekee. Wengi walitoka katika vyuo vya Oxford na Cambridge, wakashika ibada za kale kuliko Waanglikana wenzao, na wengi wao hawakuipenda Uingereza mpya ya moshi wa viwanda. Walikuwa wameona kwao jinsi kijiji kinavyokufa, jinsi mkulima anavyogeuka kuwa mikono ya kukodiwa katika mji usiomjua jina. Hawakutaka yatokee huku. Ndiyo maana walikataza wanafunzi wao kuiga uzungu wa mavazi na majivuno. Walijifunza Kiswahili kwa bidii, na Steere mwenyewe aliandika kitabu cha kuifundisha lugha hiyo. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, ambaye Masasi ilikuwa chini yake, alikuwa mshika dini ya kale asiyeyumba. Na mtu huyo huyo mwaka 1920 aliandika kijitabu kikali cha kuilaumu serikali yake ya Kiingereza kwa kuwafanyisha Waafrika kazi za kulazimishwa. Hapo uhafidhina ulikuwa na meno, na uliwauma wenye nguvu.

Mwaka 1926 Masasi ilipata dayosisi yake, na askofu wake wa kwanza, Vincent Lucas, alikaa katika kiti hicho hadi 1944. Lucas ndiye aliyejulikana hata nje ya nchi kwa kuingiza jando katika Ukristo. Misheni nyingine zilikuwa zikilaani jando na unyago kuwa ushenzi mtupu. Lucas alisema kwamba mila hizo ndizo zinazomfanya mtoto kuwa mtu, na kwamba ukizivunja bila kuweka kitu mahali pake utakuwa umeibomoa jamii yenyewe. Basi vijana wa Kikristo wakaingia jandoni kwa sala na mafundisho ya kanisa, na yale yasiyopatana na dini yakaachwa.

Twampa Lucas heshima yake. Lakini historia haiandikwi na askofu peke yake. Jando la Kikristo lisingedumu hata msimu mmoja bila mapadre wa Kiafrika, watu kama Padre Kolumba Msigala, waliojua lipi ni mzizi na lipi ni jani. Wala bila wazee wa vijiji waliokubali kukaa na kushauriana. Tena kwa upande wa wasichana mambo yalikuwa magumu zaidi, maana unyago ulikuwa mali ya wanawake, na makungwi hawakuwa tayari kumkabidhi mgeni siri na madaraka yao. Somo lake ni hili: mila iliishi pale ambapo wenyewe walishika mpini. Mgeni aliweza kusaidia, kuamua hakuweza.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na uhafidhina wake, na huo haukuwa na heri. Gavana Donald Cameron alifika Tanganyika mwaka 1925, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya utawala wa wenyeji. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa njema masikioni: Waafrika wasigeuzwe wazungu wabaya, bali watawaliwe na machifu wao kwa desturi zao. Shida ni kwamba Wamakonde hawakuwa na mfalme. Kila eneo lilikuwa na mkulungwa wake, mzee wa ukoo uliotangulia kufyeka msitu, naye hakuwa na amri juu ya mkulungwa mwenzake wa ng'ambo ya bonde. Watu hao walikuwa wameukimbilia uwanda ule usio na maji juu yake kwa kusudi hasa la kujiepusha na wakubwa na wawinda watumwa. Wanawake walishuka mteremko kuchota maji na kupanda tena na mitungi kichwani, na jamii nzima iliona taabu hiyo ni nafuu kuliko kupiga magoti mbele ya mtu.

Basi serikali iliyodai kuhifadhi mila ikaanza kutafuta machifu mahali ambapo mila ilikuwa kutokuwa na chifu! Ikawapa watu wengine kofia, mshahara na kitabu cha kodi, ikawaambia: ninyi ndio desturi. Mzee ambaye zamani alisikilizwa kwa sababu ya busara yake akawa mtu wa kuogopwa kwa sababu ya tarishi wake. Kilichohifadhiwa hapo kilikuwa utulivu wa mkusanya kodi. Ndiyo sababu mwaka 1963, Tanganyika huru ilipoufuta kwa sheria utawala wa machifu, watu wengi wa kusini hawakumwaga chozi. Walikuwa wamevuliwa mzigo walioambiwa kwa muda mrefu kwamba ni urithi wao.

Kabla ya hapo alikuwa amepita mwana wa elimu. Mwaka 1906, majivu ya Maji Maji yakiwa bado na joto, Profesa Karl Weule wa Leipzig alifika Masasi na Newala. Alileta mashine ya kunasa sauti na mashine ya kupiga picha za sinema, akanasa nyimbo na ngoma, akakusanya vinyago na vyombo, akavipeleka katika makumbusho ya mji wake. Kazi yake ina manufaa kwa mwanafunzi wa leo, hatukatai. Lakini tazama hali ya mtu anayesifiwa kuwa wa asili: sauti yake ilisafiri hadi Ujerumani ikatunzwa vizuri, naye mwenyewe akabaki Newala akidaiwa kodi na waliomshinda vitani. Kumpenda mtu kwa ukale wake hakumpi mtu huyo uhuru.

Tuvuke Ruvuma sasa. Ukisimama Newala, pale panapoitwa Shimo la Mungu, unaiona Msumbiji chini yako. Huko ndugu zetu walitawaliwa na Ureno ya Salazar, aliyekuwa waziri mkuu tangu 1932 hadi 1968. Huyo ndiye mhafidhina aliyekamilika: Mungu, taifa, familia, kazi, utii. Alijivuna kwamba Ureno inalinda ustaarabu wa Kikristo wa Magharibi katika Afrika wakati Ulaya nyingine imelegea. Tarehe 16 Juni 1960, watu walipokusanyika Mueda, katika uwanda wa Makonde wa upande ule, kuzungumza na wakubwa wa serikali juu ya haki zao, askari wa ustaarabu huo waliwafyatulia risasi. Vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964 vilileta maelfu ya wakimbizi upande wetu, na wenyeji wa kusini waliwapokea, wakagawana nao muhogo na maji. Ian Smith wa Rhodesia, alipojitangazia uhuru wa walowezi mwezi Novemba 1965, naye alidai analinda ustaarabu na Ukristo. Makaburu wa Afrika Kusini walisema vivyo hivyo.

Na nani alikuwa Askofu wa Masasi katika miaka hiyo? Trevor Huddleston, tangu 1960 hadi 1968. Mtawa wa Kiingereza, mshika ibada za kale, aliyekuwa amekwisha kupigana na ubaguzi wa Afrika Kusini kwa kalamu na kwa sauti. Watu wawili basi, Salazar na Huddleston, kila mmoja akisoma sala za kale na kuutaja Ukristo. Mmoja aliuona urithi wake kuwa ukuta wa kumfungia nje mtu mweusi. Mwingine aliuona kuwa deni analopaswa kumlipa. Yeyote anayetuambia leo kwamba uhafidhina ni kitu kimoja, kizuri chote au kibaya chote, hakuwahi kuketi ukingoni mwa Ruvuma.

Kwa hiyo tusiwacheke wahafidhina wote, maana onyo lao kubwa limethibitika katika ardhi yetu wenyewe. Mwaka 1947 serikali ya chama cha Leba cha Uingereza, watu wa maendeleo na mipango, ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Waliazimia kulima ekari zaidi ya milioni tatu. Walileta matrekta, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Wakajenga bandari Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Jambo moja hawakulifanya: kumwuliza mkulima wa pale mvua hunyesha vipi na udongo wake hubadilika vipi jua likiwaka. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa, na pauni milioni 36 hivi zimepotea. Reli yenyewe ilifungwa miaka ya 1960. Wahafidhina wa London walicheka, na safari hiyo walikuwa na haki ya kucheka.

Lakini tuseme kweli yote, kwani ukweli wa nusu ni mwenzake uongo. Sisi nasi, baada ya uhuru, tulilifanya kosa la jamaa hiyo hiyo. Katika miaka ya 1970 watu walihamishwa kwa haraka kwenda vijiji vya pamoja, na pande za kusini wakulima wengi wakaachwa mbali na mikorosho yao. Mwaka wa mavuno wa 1973/74 Tanzania ilikuwa imevuna korosho kiasi cha tani 145,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Bei ndogo iliyolipwa wakulima na ugonjwa wa ubwiriunga vilikuwa na sehemu yao. Lakini mkorosho usiopaliliwa kwa sababu mwenyewe amehamishwa hauhitaji mtaalamu kuueleza. Shabaha ilikuwa shule, zahanati na maji kwa wote, na shabaha hiyo hatuionei haya. Njia ndiyo iliyomsahau mwenye shamba.

Na mkorosho huo unatufundisha jambo jingine, ambalo wahafidhina wa Magharibi na wa kwetu wangefaa kulitafakari. Leo ni nani atakayeweza kuufikiria uwanda wa Newala bila mkorosho na muhogo? Ni mali ya ukoo, ni karo ya shule, ni mahari, ni heshima ya mtu. Lakini yote miwili asili yake ni Amerika ya Kusini; iliingia pwani yetu kwa njia ya Wareno. Ilikuwa migeni. Watu wetu waliijaribu, wakaiona inastahimili mchanga na jua, wakaifanya yao. Kadhalika ndonya ya mdomoni, iliyokuwa fahari ya mwanamke wa Kimakonde: wasichana wa vizazi vya baadaye waliiacha, na hakuna aliyesema kwamba Umakonde umekufa. Vinyago vya mapiko navyo vilipokea sura mpya kila zama, hata za wazungu na askari, na ngoma ikaendelea. Mila ni mti. Hupukutisha majani na kuchipua, na aliye hai ndiye anayeupogoa. Mti usiobadilika hata tawi moja ni ule uliokwisha kukatwa na kufanywa nguzo.

Turudi basi kwa wahafidhina wa siku hizi, na jinsi wanavyotutaja.

Namna ya kwanza ni kututisha nayo watu wao. Mwaka 1968 Enoch Powell, mbunge wa chama cha Wahafidhina, alitoa hotuba mjini Birmingham akiwaonya Waingereza juu ya maafa yatakayoletwa na wahamiaji weusi na wa Kiasia. Kiongozi wa chama chake alimwondoa katika safu ya wasemaji wakuu. Lakini wimbo aliouanzisha haukunyamaza, na leo unaimbwa katika mabunge mengi ya Ulaya. Mwafrika huambiwa kwamba akivuka bahari ataiharibu jamii yao. Hawasemi kwamba wao walivuka kwanza, wala hawakuomba hati ya kuingia Masasi.

Namna ya pili ni laini zaidi, na kwa hiyo tuiangalie kwa macho mawili. Ni kutusifu. Tangu mwaka 2003, kanisa la Kianglikana la Marekani lilipomweka wakfu askofu aliyeishi waziwazi na mwanamume mwenzake, Waanglikana wa dunia wamegawanyika vikali. Kanisa la Tanzania lilipinga, na mwaka 2007 maaskofu wakuu wa dunia walikutana Dar es Salaam juu ya jambo hilo. Imani ya mtu ni yake, na kanisa la Masasi lina akili na dhamiri yake. Haliwi mdomo wa mtu likisema linaloliamini. Lakini wapo huko Magharibi walioshindwa kura nyumbani kwao, wakaja kutafuta kwetu jeshi la akiba. Wanasema: tazameni Afrika, familia ya kale bado ipo, baba ni kichwa, wazee wanaheshimiwa.

Nyumba usiyolala ndani yake huijui hila yake. Familia gani ya kale wanayoizungumzia? Kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde wa Masasi na Newala, ukoo wa asili ulihesabiwa kwa upande wa mama. Mume ndiye aliyekwenda kukaa kwa wakwe. Mjomba ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya watoto wa dada yake. Mhafidhina wa Texas akija kukaa Newala ya zamani angeona mambo yamepinduliwa chini juu! Anatusifu kwa desturi ambayo ni yake, akidhani ni yetu. Hatuoni sisi, anajiona mwenyewe katika kioo cha babu yake. Na mtu akikugeuza kuwa wakati wake uliopita, amekunyima wakati wako ujao.

Hilo ndilo neno letu katika ubishi huu. Hatukubali kuwa hatari ya mtu, wala hatukubali kuwa makumbusho yake. Mustakabali wa jamii ya Magharibi wataujenga wenye Magharibi, na hatuwaombei mabaya. Jamii inayozeeka bila watoto na kufa bila jirani ni jambo la kusikitisha kwa kila mwenye utu. Lakini ikiwa wanataka kujua kilichowafikisha hapo, waangalie pia mambo ambayo wengi katika wahafidhina wao wenyewe waliyatetea. Viwanda vilivyowatoa watu vijijini, soko linalofunguliwa hata siku ya ibada, kazi inayomtenga mzazi na mtoto, hayo hayakuletwa na mhamiaji. Waliokuwa wakihubiri familia asubuhi walikuwa wakitetea mchana faida iliyoivunja. Wamisionari wa Masasi walilitambua hilo miaka mia moja iliyopita, na kwa sehemu ndilo lililowafanya wakipende kijiji cha ugenini kuliko mji wa kwao.

Nasi huku tusijifanye kwamba tumepona. Miji yetu inakua, vijana wa uwandani wanashuka kwenda Mtwara na Dar es Salaam, mzee anabaki na mikorosho peke yake. Kila mwaka husikika hoja ya jando na unyago kuingilia masomo, na ya mabinti kuchukuliwa kuwa watu wazima kabla hawajamaliza shule. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyomruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo. Wapo wanaosema kwamba kugusa mambo hayo ni kuua mila. Wapo wanaosema kwamba unyago wote ufutwe kwa amri. Hao wa kwanza ni ndugu wa Cameron, na hao wa pili ni ndugu wa mradi wa karanga.

Yatupasa kuuliza maswali matatu, na tuyaulize katika mikutano ya kijiji, katika vyama vya ushirika na katika matawi, mbele ya wazee na mbele ya vijana. Jambo hili tunaloambiwa tulihifadhi, linamlinda nani, na linamwumiza nani? Wanaoumia nalo, je, wana sauti katika kikao kinacholiamua? Na tukiliondoa, tumeweka nini mahali pake? Swali la kwanza na la pili ndiyo yaliyowashinda watawala wa kikoloni na Salazar. La tatu ndilo lililowashinda wapangaji wa karanga, na sisi wenyewe siku za vijiji. Kungwi anayemfundisha binti usafi, heshima na kujitegemea anahifadhi kitu chema; akikubali kusubiri likizo na umri unaofaa, hakupunguza mila hata chembe. Mzazi anayemwozesha mtoto wa shule kisha akajificha nyuma ya neno mila, huyo anahifadhi mahari.

Wananchi wa Masasi na Newala, mmeishi na wahafidhina wa Magharibi wema na waovu kwa muda mrefu kuliko wengi. Mlimpokea aliyekuja na msalaba mkamfundisha adabu za jando. Mlimkataa aliyewaletea chifu msiyemjua. Mliwapa hifadhi waliokimbia bunduki za ustaarabu. Elimu hiyo haimo katika vitabu vya London wala vya Washington; imo vichwani mwa wazee ambao wanatutoka mmoja mmoja. Kijana mwenye kalamu na aende akaiandike sasa, kwa Kiswahili, kabla mwingine hajaja na mashine yake kuinasa na kuondoka nayo.